Udongo Usiokaa na Maji

Tororo ni mji wa radi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliupa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa hesabu ya kati ya 1967 na 1976, na aliyeishi mwaka mzima karibu na jabali la mji huo hatauliza kama ni kweli. Mvua ya huku hujikusanya mchana, hushuka alasiri kwa nguvu, ikamwaga kwa saa moja maji ya siku mbili, kisha jua likatoka. Hapo ndipo nchi inapoonyesha tabia zake. Mabondeni, kando ya Mto Malaba na Mto Sio, maji husimama, mafunjo huinama, na ng'ombe huvuta miguu katika matope meusi. Lakini panda mgongoni mwa kilima, kwa mfano Amukura au Chakol upande wa Busia, penye udongo wa changarawe. Baada ya nusu saa unaweza kupita pale na viatu vya kanisani. Maji yameshakwenda zake.

Udongo huo hausifiwi na mtu. Mnunuzi wa shamba hupiga teke kokoto mbili tatu akaondoka. Kijana aliyerithi ekari mbili za mgongoni huona ameonewa na ndugu yake aliyepewa bonde. Mimi nimekuja kuwasifu wanaoulima, kwa sababu ufundi wao ni wa hali ya juu na ni nadra kuandikwa. Udongo mnono humsamehe mkulima: akichelewa wiki moja atavuna, akipanda ovyo atavuna kidogo, lakini atavuna. Changarawe haina msamaha huo. Hata hivyo, kwenye vilima hivi vya mpakani mwa Kenya na Uganda zipo nyumba ambazo mwaka baada ya mwaka zina wimbi la uji, wimbi la pombe, na muhogo uliobaki ardhini ukingoja njaa.

Tuutazame udongo wenyewe kwanza. Katika maabara, sampuli ya udongo hukaushwa, madonge yake yakapondwa, kisha hupitishwa kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 2. Kinachopita ndicho kinachopimwa: mchanga, chembe laini zinazofanana na unga, na mfinyanzi. Kinachobaki juu ni changarawe, na mara nyingi huishia kwenye ndoo ya taka. Mkulima wa mgongoni hawezi kuitupa changarawe. Yapo mashamba ambayo theluthi ya kile kinachoinuliwa na jembe, na pengine nusu, ni hicho kinachobaki juu ya chekeche.

Changarawe ya huku ni ya namna mbili. Upande wa Teso vilima vingi ni vya itale, yale mawe makubwa ya duara yaliyopandana kana kwamba yalipangwa. Itale likioza, sehemu yake laini hugeuka mfinyanzi na kuchukuliwa na maji taratibu kuelekea bondeni, na zinazobaki ni chembe ngumu nyeupe, kali kwa unyayo, zisizoshika maji wala chakula cha mmea. Namna ya pili ni moramu, vile vijiwe vyekundu vya chuma ambavyo kila msafiri amekula vumbi lake barabarani. Vijiwe hivi havikumeguka kutoka kwenye mwamba. Viliumbwa humohumo ardhini, kwa maji yaliyopanda na kushuka kwa maelfu ya miaka yakiyeyusha chuma na kukiacha mahali penye hewa, hadi madoa mekundu yakakauka yakawa vijiwe, na pengine vijiwe vikashikana vikawa tabaka moja gumu. Ukichimba choo huku, mahali pengi utakutana nalo, na utalijua kwa mlio wa sururu.

Na yuko mfanyakazi mwingine ambaye hatajwi vya kutosha: mchwa. Mchwa hubeba chembe ndogo kutoka chini na kuzipandisha juu kujengea kichuguu. Kokoto hawaiwezi, huiacha. Kichuguu kikibomoka, chembe zile laini hutandazwa na mvua juu ya shamba. Kazi hiyo ikiendelea kwa karne nyingi, kokoto huonekana kama zimezama, zikawa tabaka lake chini ya udongo laini uliotoka tumboni mwa nchi. Ndiyo maana katika shamba lilelile unaweza kukuta sentimita 60 za udongo mzuri mahali pamoja, na hatua kumi mbele jembe likagonga kokoto kabla halijazama. Na ndiyo maana mkulima anayejua kazi hupanda mahindi yake machache, maboga na migomba juu ya kichuguu kilichokufa au pembeni yake, mahali ambapo udongo ni laini na unashika maji. Ukiona mgongo wa changarawe wenye visiwa vya kijani kibichi, ujue vichuguu vinalimwa kwa akili.

Kwa hiyo jambo la kwanza analotaka kulijua fundi wa udongo huu ni kina. Haendi na kifaa. Hutazama fuko ametupa nini nje ya shimo lake: udongo laini mtupu ni habari njema, kokoto ni onyo. Hutazama ukingo wa barabara iliyokatwa na shimo la choo la jirani. Baada ya mvua kubwa hutembea shambani asubuhi iliyofuata na kuona ni wapi pamekauka kwanza, kwa sababu rangi hubadilika mapema palipo na kina kidogo. Hushika udongo, huutemea mate kidogo, huufinyanga kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukikatika papo hapo na kukwaruza, ni mchanga mtupu. Ukivutika kidogo kabla ya kukatika, kuna mfinyanzi ndani yake, na kuna matumaini. Wanafunzi wa vyuo vya kilimo hufundishwa jaribio hilohilo kwa majina mengine.

Kina kinahitajika kwa sababu ya hesabu moja ambayo ni rahisi na inatisha. Udongo wa kichanga huweza kuuwekea mmea takribani milimita 10 za maji katika kila sentimita 10 za kina. Ukiwa na sentimita 50 juu ya moramu, hizo ni milimita 50. Lakini nusu yake ikiwa kokoto, na kokoto haziweki akiba, zinabaki milimita 25. Mahindi yanayotoa mbelewele hunywa milimita 5 kwa siku, na siku ya jua kali huzidisha. Gawanya: siku tano. Kule bondeni, kwenye mfinyanzi wa mita moja, hesabu hiyohiyo hutoa wiki tatu au nne. Mkulima wa mgongoni basi anaanza kila msimu akiwa na akiba ya siku tano, katika nchi ambayo mvua inaweza kupumzika siku kumi katikati ya Mei bila kumwambia mtu. Kila anachokifanya, kuanzia mbegu hadi palizi, ni jibu la siku hizo tano, na ukilielewa hilo utaanza kuona akili mahali ambapo wengine wanaona umaskini.

Jibu la kwanza ni kuchagua cha kupanda. Waswahili wana methali kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na sijaona mahali inapofaa kuliko hapa, kwa sababu iko mimea ambayo kwayo kuvuja kwa udongo ni nafuu tupu. Muhogo huoza mizizi yake mahali maji yanaposimama. Juu ya changarawe hauozi. Ukame ukija huangusha majani, hungoja, kisha huchipua tena, na waweza kubaki ardhini mwaka mmoja hadi miwili bila ghala wala dawa. Karanga hutoa maua juu na kushusha vikonyo chini ya ardhi ili zizae humo. Katika mfinyanzi mgumu vikonyo hushindwa kupenya, na ukivuna, nusu ya karanga hubaki shambani. Katika udongo wa kichanga wenye changarawe ndogo unashika shina, unavuta mara moja, na kichana chote kinakuja safi, kimekung'utika chenyewe. Njugu mawe nazo hupenda papo hapo. Mtama hukunja majani yake kiu ikizidi, husimama kimya kama uliolala, na mvua ikirudi huendelea pale ulipoachia. Mahindi hayana subira hiyo. Kuyasambaza juu ya kila mgongo wa kilima huku, kwa maoni yangu, ni kosa ambalo limeigharimu nchi hii mazao mengi, na mkulima aliyekataa kuyafuata huko juu hakuwa mshamba.

Lakini mfalme wa mgongoni ni wimbi. Na ufundi wa wimbi ndio ninaoustaajabia zaidi.

Unaanza kwenye kiangazi. Shamba hukatuliwa Januari na Februari, ardhi ikiwa bado kavu na ngumu, mikono ikilipuka malengelenge, wakati jirani wa bondeni bado anapumzika. Mgeni huuliza kuna haraka gani. Haraka ipo, na sababu yake ilipatikana maabara muda mrefu baada ya wakulima kuizoea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtafiti H. F. Birch, akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki pale Muguga karibu na Nairobi, alionyesha kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa tena, viumbe wadogo ndani yake huamka kwa kishindo, wakaozesha mboji haraka, na kumwaga naitrojeni nyingi kwa siku chache tu. Wanasayansi wa udongo duniani kote huliita jambo hilo kwa jina lake hadi leo. Sasa fikiria naitrojeni hiyo inapomwagika kwenye udongo unaovuja. Katika mfinyanzi itakaa. Katika changarawe, mvua kubwa tatu nne zinaishusha chini ya mizizi, na haitarudi msimu huo. Aliyepanda na mvua ya kwanza ameipata. Aliyechelewa wiki tatu amepanda kwenye udongo uleule, kwa mbegu ileile, na ataona wimbi lake la manjano na kumshuku jirani kwa uchawi.

Lakini kuwahi si kukurupuka. Mvua ya kwanza huweza kuwa ya kudanganya. Juu ya changarawe udanganyifu huo una sura yake: uso wa shamba hukauka upesi, mtu akadhani hakuna maji, kumbe yameshuka, au uso unang'aa kwa unyevu na chini yake ni vumbi. Kwa hiyo fundi huchimba kwa mkono. Unyevu ukifika shibiri moja na udongo ukashikana kiganjani, anapanda. Usipofika, hungoja, hata kama kijiji kizima kimeshatoka na mbegu. Huo uvumilivu wa siku mbili tatu, katikati ya haraka yote ile, ndio unaotenganisha wajuzi na wafuasi.

Plau la ng'ombe lilianza kuenea katika nchi ya Wateso karibu mwaka 1910, likitokea Kumi, na likazoeleka pande zote za mpaka. Kwenye changarawe huhitaji mikono ya pekee. Kijana hutangulia na ng'ombe, mkubwa hushika mikono ya plau nyuma, na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Chuma kikiwa katika udongo laini huenda kimya. Kikianza kukwaruza, ina maana kimefika kwenye kokoto, na hapo mshika plau hukandamiza mikono chini ili ncha inyanyuke, akapita juu juu mpaka sauti itulie, kisha akaachia tena. Hafanyi hivyo kwa huruma ya plau tu, ingawa changarawe hula chuma na mafundi wa kuchomelea mjini Busia wanajua. Anafanya hivyo kwa sababu akilima kwa kina ataileta moramu juu na kuuzika ule udongo mzuri ambao mchwa walichukua karne kuupandisha. Mistari yake hukata mteremko, haishuki nao. Nimewatazama watu wakilima ekari nzima namna hiyo bila kuinua kichwa, plau likipanda na kushuka kwa kiasi cha vidole viwili, na sijui ufundi wa mkono unaodai usikivu zaidi.

Kabla ya plau lilikuwepo jembe, na jembe zuri la huku lilitoka Samia. Vilima vya Samia vina mawe ya chuma, na wahunzi wa Kisamia waliyachimba, wakayayeyusha kwa makaa na mifuo, wakafua majembe yaliyobadilishwa kwa mifugo na nafaka mbali na kwao, kwa Waluo na hadi Busoga. Tanuri hizo zilizimwa na majembe yaliyoletwa kwa meli. Jembe la mkono lenyewe halikustaafu: kwenye pembe za shamba, palipo na mawe makubwa, plau halifiki.

Kuhusu mawe yenyewe, kuna jambo ambalo mgeni hukosea karibu kila mara. Akipata shamba la mgongoni huanza kuokota kokoto zote akidhani anasafisha. Mwenyeji huokota zinazozidi ngumi, akazipanga mistari ya kukata mteremko ili zizuie udongo usishuke, na ndogo huziacha palepale juu. Kokoto ndogo zilizolala usoni huvunja nguvu ya tone la mvua kabla halijaurusha udongo, na jua likitoka huuwekea kivuli kidogo, unyevu usipande wote hewani. Katika shamba lenye akiba ya siku tano, kuongeza nusu siku si jambo dogo.

Mbegu ya wimbi ni ndogo kuliko kichwa cha pini na humwagwa kwa mkono. Mmwagaji hutembea hatua sawa, mkono ukirushwa kwa kipimo kimoja, na palipo na kokoto nyingi hubana vidole ili mbegu zitoke chache, maana akiba ya maji pale haiwezi kulisha umati. Palipo na kina hulegeza. Huwezi kuiona tofauti hiyo siku ya kupanda. Utaiona wiki ya sita, shamba lote likiwa na urefu mmoja.

Kisha huja palizi, na hapa wenye ufundi ni wanawake kuliko wanaume. Wimbi lina ndugu yake wa porini, gugu linalofanana nalo kiasi kwamba mpaka litoe suke mtu wa kawaida hawezi kulitambua. Likiachwa, linakunywa maji ya wimbi, linapukutisha mbegu zake mapema, na mwaka unaofuata limezidi. Wapaliliaji huinama mstari mmoja, vijembe vidogo mkononi, na kwa kila mche hutazama chini kabisa, shina linapotoka ardhini. La gugu limebapa na mara nyingi lina weupe. La wimbi lina unene wa mviringo zaidi. Huligusa, wakaling'oa au wakaliacha, wakasonga. Maelfu ya miche kwa siku, hukumu moja moja, huku wakizungumza habari za harusi na bei ya mafuta ya kupikia. Mtoto wa kike hujifunza kando ya mama yake na nyanya yake, na husahihishwa kwa kurudishiwa mkononi mche alioung'oa kimakosa aulinganishe.

Magugu nayo ni barua. Ukiona kongwe imetambaa, pale pana unyevu na rutuba bado ipo. Ukiona kayongo, lile gugu la maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi, mtama na wimbi, basi udongo pale umechoka, naitrojeni imekwisha. Dawa ya asili ni kupumzisha shamba au kupanda jamii ya kunde na karanga. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kutoka Mbita wameongeza nyingine, kupanda desmodiamu katikati ya nafaka na majani ya mifugo pembeni, na njia hiyo imeshika mizizi Busia na ng'ambo ya mpaka kwa sababu inamlisha na ng'ombe.

Chakula cha udongo ni tatizo lisilokwisha. Udongo unaoachia maji huachia na virutubisho. Mboji ndiyo inayovishika, na kwa hiyo samadi kwenye changarawe haimwagwi shamba zima. Huwekwa shimoni, kiganja kwa mche, mahali mzizi utakapoifikia kabla ya mvua. Majivu ya jikoni hupelekwa kwenye karanga, na ni sawa kabisa, kwa sababu yana kalisi, na karanga zikikosa kalisi hutoa maganda matupu. Fosforasi ni ngumu zaidi, maana chuma cha moramu huikamata na kuinyima mimea. Na hapa pana jambo ambalo kila mtu wa mpakani anapaswa kulijua. Kilomita chache kutoka Tororo, katika vilima vya Sukulu, mabaki ya volkano ya kale sana, mabonde yamejaa udongo mwekundu wenye fosfeti, zaidi ya tani milioni 200. Kiwanda cha mbolea kiliwahi kufanya kazi Tororo kisha kikafa, na kingine kikubwa kikafunguliwa Sukulu mwaka 2018. Fosfeti hiyo, kwa kuwa imetoka kwenye mwamba wa moto, haiyeyuki upesi ukiimwaga vilevile shambani, inahitaji kiwanda. Ile ya Minjingu, Tanzania, huyeyuka vizuri zaidi. Kwa hiyo mkulima wa Amukura anaweza kuviona vilima vya mbolea kwa macho na bado akaagiza mfuko uliotoka mbali.

Ufugaji hufuata mantiki hiyohiyo ya maji. Wakati wa mvua mifugo hupandishwa mgongoni, ambako nyasi ni fupi lakini kwato hukauka, wala hakuna konokono wa kinamasi wanaoeneza minyoo ya maini. Kiangazi kikishika, mgongo unakuwa mweupe na ng'ombe hushushwa bondeni, penye majani mabichi kando ya mafunjo. Kilima na bonde ni malisho mamoja yenye milango miwili, na mchungaji mzuri hujua siku ya kufunga mmoja na kufungua mwingine. Mashamba yakigawanywa vipande vipande, ndugu mmoja juu na mwingine chini, bila makubaliano ya kupishana, wote wawili hupoteza.

Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani katika Milima ya Usambara, ndiye aliyeipa dunia wazo hilo kwa lugha ya kitaalamu katikati ya miaka ya 1930: kwamba udongo wa kileleni, wa mteremkoni na wa bondeni ni mnyororo mmoja, kila pete ikitegemea maji yaliyopita kwenye iliyo juu yake. Wazo hilo hufundishwa duniani kote, na lilizaliwa kwetu, kwa mtu aliyetembea sana. Lakini Wasukuma walikuwa na luseni ya juu, itogolo ya mteremkoni na mbuga ya chini kabla yake, na kila aina ina mazao yake. Watu wa Busia na Tororo nao hugawa nchi yao hivyohivyo, kila kabila kwa lugha yake, na mgawanyo huo haukutikisika hata mwaka 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande ambao sasa ni Kenya.

Kazi hii ni ya zamani kuliko mpaka huo kwa mbali. Huko Kakapel, kwenye vilima vya itale kaskazini mwa Busia, penye michoro ya kale ya mwambani, wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao kutoka Marekani walichimba na kuchekecha udongo wakitafuta mbegu zilizoungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Walipata kunde ya miaka 2,300 iliyopita, na wimbi na mtama wa miaka 1,000 hivi. Kunde, mtama, wimbi: mazao yaleyale ambayo hesabu ya siku tano ingekuchagulia leo. Watu wa makabila na lugha mbalimbali wamepita pale, wengine wakiondoka, wengine wakifika na mbegu mpya, na wote waliobaki walilazimika kujifunza upya udongo huu unataka nini.

Tishio la sasa ni lori. Moramu ndiyo barabara, na kila kaunti na kila wilaya inataka barabara, nami pia nazitaka. Mnunuzi huja na fedha taslimu, udongo wa juu hukwanguliwa na kusukumwa kando, moramu hupakiwa, na shimo huachwa likijaa maji ya mvua na mazalia ya mbu. Sheria za mazingira za nchi zote mbili zinadai shimo lirudishiwe udongo. Lingerudishiwa, wimbi lingeota tena baada ya miaka kadhaa. Mashimo mengi ninayoyaona hayajarudishiwa kitu.

Kwa afisa wa kilimo atakayetumwa huku: chimba shimo la nusu mita kabla ya kutoa ushauri, na kokoto usizitupe, zipime. Kisha mwulize mwenye shamba anapanda nini pale na kwa nini, na uandike jibu lake kwenye fomu ileile unayoandikia asidi na fosforasi. Na wewe uliyerithi mgongo wa kilima, kabla hujakubali fedha ya lori, lima na mama yako msimu mmoja wa wimbi, kuanzia Januari ardhi ikiwa kavu hadi siku ya kuvuna, ndipo uamue.